Mto Uliopandishwa Kilimani kwa Kauli Moja

Si zamani sana, wala si juzi. Kuna nchi inaitwa Jamhuri ya Kaakitako. Ukiitafuta kwenye ramani hutaiona, na ukihisi umeiona, kunja ramani yako unyamaze, usije ukaitwa kuhojiwa. Ni nchi ya amani tele, maana watu wake hawana nafasi ya kugombana. Muda wote wako kikaoni. Huko mtu hasemi "tumefanya kazi", husema "tumekaa". Barabara ikibomoka, wanakaa. Kipindupindu kikiingia, wanakaa. Wakichoka kukaa hupitisha azimio la kukaa tena, hunywa soda, hutawanyika.

Pembeni mwa mji mkuu wa nchi hiyo pana mahali paitwapo Mwisho wa Lami. Pale palikua upesi kama tumbo la mwali mwenye siri. Asubuhi unaona shamba la mihogo, jioni unakuta msingi, ukigeuka ni ghorofa, ukigeuka tena ghorofa lina ufa. Na katikati yake unapita Mto Msonyo. Wazee waliuita hivyo kwa sababu kiangazi ulikuwa mwembamba, na ukipita kwenye mawe ulisikika kama mwanamke anayewasonya watu. Masika haukusonya mtu. Masika ulikuja na mlango wa fulani, godoro la fulani, na mbuzi wa fulani amesimama juu ya godoro.

Nani wa kulaumiwa? Hakuna, jamani. Bondeni udongo ulikuwa laini na viwanja vipana, basi kila mwenye uwezo akajenga huko. Mto ukaminywa, huku ukuta, huku ukuta, ukabaki kupita upande upande kama mgeni aliyechelewa kwenye hitima.

Juu kabisa, kwenye kilima cha mawe ambako hata nyasi huota kwa kulazimishwa, alikaa Bi Sikudhani Mkwinda, mjane. Nyumba yake ya vyumba vitatu ilijengwa kwa maandazi. Maandazi yalinunua tofali, tofali zikangoja maandazi mengine. Mumewe alifariki kuta zikiwa zimefika usawa wa madirisha. Bi Sikudhani akazipandisha zilizobaki, akaezeka bati, akamwaga sakafu ya saruji nyekundu na kuisugua kwa nta hata mtu akitaka kujitazama kabla ya kwenda harusini aliinama tu. Wajukuu walilala humo. Mali nyingine hakuwa nayo, wala hakuitafuta.

Basi wakaja wafadhili. Walitoka mbali, viatu vyao vikubwa, wakasema lami haitaendelea hata hatua moja mpaka wananchi wapange matumizi ya bonde lao kwa pamoja, kila mtu asikilizwe. Kaakitako wakasikia neno "pamoja" wakashangilia, maana walijua maana yake ni viti.

Ikaundwa Kamati Shirikishi ya Kupanga Bonde la Mto Msonyo. Mwenyekiti akawa Mheshimiwa Kivumbi, ambaye jumba lake lilikuwa bondeni, lina nguzo mbele kama benki. Katibu akawa Bwana Lugendo, mtu asiyepiga chafya kabla ya kuangalia kanuni inasemaje. Mtaalamu akawa Injinia Mwajombe, kijana aliyesomea maji mpaka macho yakadai miwani. Waliobaki waliitwa wadau, na mdau huko ni yeyote mwenye kiti. Alikuwemo Hajji Mbaruku, mwenye gesti na uwanja wa kuoshea magari kando ya mto. Alikuwemo Mzee Nakembetwa, mwenye migomba.

Wafadhili wakauliza, "Wanawake wako wapi?"

Wakatazamana. Ndipo wakapanda kilimani kumchukua Bi Sikudhani, kwa hoja kwamba anakaa mbali na mto, hatakuwa na maneno mengi. Wakampa fulana imeandikwa MTO NI WETU SOTE. Ilimbana kifuani, lakini aliivaa.

Kikao cha kwanza Mheshimiwa Kivumbi alisimama, akakohoa kikohozi cha bajeti, akanena.

"Ndugu wadau! Mto usio na mpango ni kama mume asiye na kwao. Unalala popote! Umeonekana kwa huyu, umeonekana kwa yule. Serikali haiwezi kuvumilia tabia hiyo. Sisi hapa tutaukalisha chini mto huu, tutaupa dira, tutaupa mwelekeo!"

Makofi. Injinia akabandika ramani ukutani. Alikuwa amechora mstari wa buluu pale mto unapopita, na mistari miwili myekundu, mmoja kila upande. Akaeleza kwa adabu kwamba chochote kilichomo kati ya mistari myekundu kitabomolewa, ili mto upate kupumua.

Mstari wa buluu ulipita katikati ya nguzo za Mheshimiwa.

"Huu ni mchoro wa kidikteta," alisema Mheshimiwa Kivumbi taratibu. "Alishirikishwa nani?"

"Mheshimiwa, hapo ndipo mto unapopita."

"Unapopita kwa sasa. Sisi tunapanga ya baadaye, kijana."

Hajji Mbaruku akainua mkono. Yeye hana neno na mto, alisema, mto ni rehema ya Mola, ila usogee kidogo. Wote wakakubali kwamba usogee. Likabaki swali dogo, usogee kwa nani? Maana kila ulipotaka kusogezwa, mwenye pale alikuwa amekaa, anatazama.

"Nani hayupo leo?" aliuliza Mwenyekiti.

Hayupo Mzee Nakembetwa. Yuko hospitali, anapasuliwa ngiri.

Basi mto ukapitishwa kwenye migomba ya Mzee Nakembetwa kwa kauli moja. Na Bi Sikudhani msimfanye malaika. Naye aliinua mkono, tena ule wenye bangili.

Kikao kilichofuata Mzee Nakembetwa aliletwa amebebwa kwenye kiti, nyuzi bado mbichi, anapiga kelele toka mlangoni, "Nipo! Katibu, andika nipo!" Mto ukatolewa kwake, ukapelekwa kwa fundi viatu mmoja aliyekwenda kumzika shangazi yake. Fundi viatu akarudi matangani anakimbia, mto ukahamia kwa mwalimu mwenye homa ya matumbo. Hivyo ndivyo desturi ilivyoshika mizizi, asiye kikaoni mto ni wake.

Toka hapo, mahudhurio! Watu walikuja na tetekuwanga, walikuja na mguu kwenye plasta. Bibi arusi mmoja alikuja na hina haijakauka. Kuna aliyekuja na dripu, mkewe ameishika juu kama taa. Wafadhili walipoona hayo walitoa leso wakafuta machozi. Walisema wametembea dunia nzima, hawajaona watu wanaopenda mazingira namna hii.

Kwenye ramani, mto ukawa umejikunja kama utumbo wa mbuzi. Bondeni, mto wenyewe uliendelea kupita ulikozoea. Hakuna aliyekuwa ameupelekea taarifa.

Bi Sikudhani hakukosa hata kikao kimoja. Siku jino lilipomuuma alikwenda shavu limeumuka kama andazi, akakaa mstari wa mbele. Bi Mafunda, jirani yake, akamcheka. "Shoga, wewe uko kilimani. Unaogopa nini? Mto utapanda ngazi?"

"Mafunda," alimjibu, "wale watu wakikaa, hata jua litachwea asubuhi."

Siku ya kupitisha mpango ikafika. Wafadhili wanakuja kula, ukumbi umepambwa kwa makaratasi, chungu cha pilau kimeshabandikwa jikoni uani. Sasa mpishi naye hakuwa mjinga. Ana kibanda chake bondeni, na habari za vikao alikuwa anazisikia. Aliacha mwiko ndani ya chungu, akaingia ukumbini, akachagua kiti, akakaa. Aliambiwa inuka, akasema hainuki hata wamletee askari.

Mheshimiwa Kivumbi akamfuata Bi Sikudhani, akainama kwa heshima.

"Mama yetu. Wewe ndiye mwanamke wetu hapa. Hebu tuangalizie chungu, kisije kikatuungulia mbele ya wageni."

"Na mto je, Mheshimiwa?"

"Mto gani tena, mama? Leo tunakula! Hatuanzi bila wewe."

Bi Sikudhani akautazama mlango, akautazama moshi uani. Akili ilimwambia kaa. Lakini pilau lilikuwa linaanza kushika chini, harufu anaisikia, na mwanamke aliyelelewa hawezi kukaa kitako huku chakula cha wageni kinaungua. Akauweka mkoba wake juu ya kiti, ushike nafasi, akaenda.

Jiko lilikuwa chini ya dirisha la ukumbi. Amegeuza pilau mara mbili tatu, akasikia sauti ya Bwana Lugendo.

"Kabla ya kupitisha, kanuni inatutaka tuulize. Nani hayupo?"

"Nipo!" alipiga kelele Bi Sikudhani, mwiko mkononi. "Nipo huku dirishani, nageuza pilau lenu!"

Bwana Lugendo akasema, "Ndugu Mwenyekiti, imesikika sauti. Lakini kikanuni, sauti haina kiti."

"Kiti changu kina mkoba, wewe Lugendo!"

"Mkoba si mjumbe. Ungekuwa mjumbe ungeinua mkono."

Injinia Mwajombe, Mungu amrehemu angali hai, alijaribu. "Ndugu Mwenyekiti, kule ni kilimani. Mto hauwezi kupanda mlima."

"Hauwezi kivipi?"

"Kitaalamu, hauwezi."

"Na kishirikishi?"

Injinia alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Mkataba wake ulikuwa unakwisha mwezi ule.

"Kishirikishi," alisema, "unaweza."

Makofi yalilipuka mpaka mfuniko wa chungu ukatetemeka. Mto Msonyo ukapandishwa kilimani kwa kauli moja, ukapitishwa sebuleni kwa Bi Sikudhani, ukatokea mlango wa uani. Bonde lote likatangazwa nchi kavu. Kisha wakala. Walisema pilau lilikuwa limeiva vizuri mno, ni bahati mbaya mjumbe huyo hakuhudhuria.

Wiki ileile vijana wakapanda kilimani na kopo la rangi, wakaichora nyumba alama ya X nyekundu, kubwa, ikashika ukuta wa mbele kutoka dirisha hata dirisha. Tingatinga litakuja siku ya uzinduzi.

Bi Sikudhani akavaa kanga mpya, akashuka ofisini kwa Bwana Lugendo.

"Nimekuja kukata rufaa."

"Vizuri sana, mama. Rufaa husikilizwa na kamati, huletwa na mdau. Wewe si mdau tena."

"Nani kasema?"

"Wewe ni mto, mama. Mto hauwezi kukaa kwenye kikao kinachojadili mto. Utakuwa na maslahi."

"Haya, na ule mto wenyewe, ule wa bondeni, mliuuliza?"

Bwana Lugendo alifikiri kwa uaminifu. "Ulikuwa na haki ya kutuma mwakilishi," alisema. "Haukutuma."

Siku zikaenda, na serikali ya Kaakitako, ambayo haijawahi kufika kilimani kuleta hata kopo la maji, ikaanza kufika. Ukasimikwa ubao uani: HAIRUHUSIWI KUOGA WALA KUFUA. Akaja bwana samaki, akamkuta Bi Sikudhani anakaanga vibua jikoni, akamwomba leseni ya uvuvi.

"Nimewanunua sokoni, mwanangu."

"Bibi, mimi nimewakuta wapi? Mtoni. Umewatoa wapi zaidi?"

Alimwachia baada ya kula wawili. Kisha wakaja wengine kupima pa kujenga daraja. Waliweka vigingi kutoka kabatini mpaka kitandani kwa wajukuu, wakanung'unika kwamba mkondo ni mpana. Bi Mafunda akawa kila asubuhi anapaza sauti toka kwake, "Shoga! Maji yamefika wapi leo? Nije na mtumbwi?" Bi Sikudhani alikuwa anacheka naye, halafu anaingia ndani, anasugua sakafu yake. Wajukuu walimuuliza watahamia wapi. Alizidi kusugua.

Siku ya uzinduzi ikaja. Kamati ilitafuta mahali tambarare pa kufunga turubai, na kwa kuwa bonde lilikuwa nchi kavu kwa mujibu wa ramani, waliona pale palipojaa mchanga laini, katikati kabisa ya njia ya mto, panafaa. Paliteleza kidogo tu, mto ukiwa mwembamba hivyo. Viti vikapangwa. Tingatinga likaegeshwa pembeni, limefungwa utepe. Mpango ulikuwa hotuba kwanza, kisha tingatinga lipande kilimani likabomoe, kisha chakula. Waandishi wa habari walikuwapo. Wafadhili walikuwapo, wamevaa fulana.

Bi Sikudhani alikuwa mlangoni kwake. Alikuwa ametoa godoro na sufuria nje, amewaweka wajukuu kwa Bi Mafunda. Amekaa kizingitini, mikono kwenye magoti, anasubiri. Mahali pale juu mtu huona mbali, akaona milima ya nyuma ni myeusi tii. Mvua kubwa ilikuwa inanyesha huko juu tangu alfajiri. Akashika shavu.

Mheshimiwa Kivumbi ameshika kipaza sauti. "Leo tunaiambia dunia kwamba mto si mtu wa kupitapita ovyo! Mto umekubali ushauri! Mto umetii!"

Makofi yalipoisha, makofi mengine yaliendelea kutoka nyuma ya ghorofa. Wafadhili wakageuka kuona nani anashangilia hivyo.

Ulikuwa Mto Msonyo. Ulikuja rangi ya chai ya maziwa, umebeba ukuta wa uwanja wa Hajji Mbaruku na vindoo vyake vya sabuni. Ulichukua utepe, ukachukua turubai, ukalichukua tingatinga na kulilaza kifudifudi mbele ya nguzo za Mheshimiwa. Watu haukuwachukua, sijui ni huruma au ulikuwa na haraka. Kamati ikapata akidi ya miguu, ikakimbilia mahali pekee palipobaki pa kukimbilia, kilimani. Na mvua nayo ikawafuata mgongoni.

Walipofika walikuta Bi Sikudhani amekwisharudisha godoro ndani na kukomea mlango.

"Hodi! Hodi humu!"

"Hodi ya wapi?" alijibu kwa ndani. "Mtoni hapapigwi hodi."

"Bi mkubwa, tufungulie!" Huyo Hajji Mbaruku, kanzu imemshika kama ngozi. "Tutakufa na baridi!"

Dirisha likafunguka kidogo. "Mimi nawaonea huruma, wanangu. Lakini semeni kwanza. Hapa ni nyumba au ni mto?"

Kamera za waandishi zilikuwa zimeshafika, zimefunikwa mifuko ya plastiki, na wafadhili wanatetemeka nyuma yake, wanasikiliza. Wakisema ni nyumba, ramani imekufa, mpango umekufa, lami imekufa, na mistari myekundu inarudi kwenye nguzo za benki.

"Hilo ni suala la kitaalamu," alisema Mheshimiwa Kivumbi, maji yakimtiririka puani.

Wote wakamgeukia Injinia. Injinia miwani yake ilikuwa imekwenda na mto. Alisema haoni kitu.

"Basi kama ni mto," alisema Bi Sikudhani, "nyie mnaingiaje? Labda muuvuke. Eti Lugendo, kanuni inasemaje? Mahali ambapo kamati nzima imevukia panaitwaje?"

Bwana Lugendo, hata katika baridi ile, ulimi wake haukuweza kukaa na kanuni ndani. "Kivuko rasmi, mama. Kipengele cha miundombinu."

"Na kivuko rasmi hubomolewa?"

"Ni marufuku! Hakibomolewi wala hakiguswi. Anayekigusa hushtakiwa." Kisha akasikia alichokisema. Akamtazama Mwenyekiti. Radi ikapiga.

"Tunavuka," alisema Mheshimiwa Kivumbi.

"Semeni kwa sauti, na wageni wasikie."

"Tunavuka kwenye kivuko rasmi!" walisema kwa kauli moja.

Mlango ukafunguka. Wale watu wakataka kuingia, na Bi Sikudhani akawanyooshea kidole miguuni.

"Viatu vueni. Suruali pandisheni. Mnavuka mto kwa viatu, nyie wageni wa wapi?"

Basi wakavua. Mheshimiwa Kivumbi akakunja suti yake mpaka magotini, akaingia ile sakafu nyekundu kavu, akiinua mguu juu na kuushusha polepole, kama kuku kwenye tope. Bwana Lugendo akafuata, mkoba wake amejitwika kichwani usilowe. Hajji Mbaruku alinyanyua kanzu akapiga bismillahi. Hapo katikati ya sebule Mheshimiwa aliteleza kwenye nta, akamshika Katibu, na Katibu akasema kwa sauti ya upole, "Mkondo ni mkali hapa, Mheshimiwa." Waandishi walipiga picha zote. Wafadhili nao wakavua vile viatu vyao vikubwa, wakavuka, wakiulizana kwa lugha yao.

Magazeti yalisema kamati imevuka Mto Msonyo salama. Ukaja ubao mwingine, KIVUKO RASMI, NI KOSA KUBOMOA, na ile X ikapakwa rangi nyeupe kwa gharama ya Jamhuri. Bondeni, tingatinga lilibaki pale mbele ya nguzo, mto ukiligonga na kupita. Kamati imekaa mara nyingi kulijadili. Na mpaka leo, kila ofisa anayepanda kilimani, awe wa kodi, awe wa afya, awe wa kuhesabu watu, hufika mlangoni kwa Bi Sikudhani akainama, akafungua kamba za viatu, akakunja suruali. Wakishavuka huwa wamesahau walichokuja kudai.

Siku moja Bi Mafunda aliwatazama wawili wakitoka uani, viatu mkononi, akashindwa kuvumilia.

"Shoga, sasa mvua imekwisha na kila mtu ameona. Si uwaambie waufute huo mto kwenye ramani, urudi kuwa na nyumba kama watu wengine?"

Bi Sikudhani alikuwa ameshika kitambaa cha nta, amepiga magoti.

"Thubutu!" alisema. "Nilipokuwa na nyumba walikuja kunibomolea. Sasa nina mto, wananivulia viatu."